Atlasi ya Karatasi za Kuazima

Walisema sitaweza. Nayaandika maneno yao yalivyokuwa, kwa sababu wengi wao wako hai na siku hizi wanasimulia kwamba waliniamini tangu mwanzo. Baba yangu mdogo, mwenye duka la misumari na mabati katikati ya Butembo, mashariki mwa Kongo, alisema mbele ya wateja wake: "Huyu atengeneze atlasi? Mais hata shamba ya mamake hajue inaishia wapi." Kwetu Kifaransa kimeingia Kiswahilini: mais ni lakini, donc ni basi. Mkaguzi mmoja wa shule aliniambia kwamba vitabu vya namna hiyo hutoka Ulaya kwa meli. Jirani yetu mmoja alimshauri mama yangu aniombee misa, kwa kuwa vijana waliosoma sana Uganda hurudi na kichwa kimelegea.

Kichwa changu hakikulegea. Mimi ndiye niliyetengeneza atlasi ya Butembo na Beni, tena wakati wa vita, bila msaada wa serikali yoyote kati ya zile zilizokuwa zikidai kutusaidia. Kama ipo nyingine iliyotangulia yangu, niletewe niione.

Hasira yangu ilianza darasa la tano. Shule yetu ilikuwa na atlasi moja tu, iliyofungiwa kabatini pamoja na chaki na kengele. Siku ya jiografia mwalimu aliiweka mezani, akaifungua, nasi tukapita mbele yake kwa mstari, mikono nyuma, tusije tukaichafua. Kila mtoto alipewa muda wa kuvuta pumzi mbili. Nchi wakati ule iliitwa Zaire, na jina lake lilikuwa limetawanywa kwa herufi kubwa kutoka magharibi hadi mashariki. Herufi ya mwisho ilikuwa imekaa juu yetu. Ziwa lilikuwapo, na milima yenye theluji ilikuwapo. Butembo haikuwapo, wala Beni.

Niliuliza. Mwalimu alijibu bila kuinua macho: "Kama ingekuwa na maana, wangeiandika."

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao kwa uoga. Lakini mwalimu alipokuwa akitafuta ukurasa wetu, nilikuwa nimeona kitu kingine. Ukurasa wa Ubelgiji, nchi ambayo mkoa wetu peke yake ungeimeza na kubaki na njaa, ulikuwa umejaa nukta hadi zikakosa nafasi. Kila kijiji chenye kanisa na kiwanda cha biskuti kilikuwa na jina lake. Butembo yetu, yenye malori yaliyopanga mstari kila asubuhi kubeba kahawa na maharage, ilikuwa chini ya herufi.

Nilikwenda Kampala nikiwa nimevaa viatu vya kaka yangu, vilivyonizidi. Nilibeba saruji, nilisukuma toroli, nilijifunza Kiingereza kwa kusoma mifuko niliyoibeba. Sikupewa nafasi na mjomba wala na chama. Mwishowe nilipata diploma ya upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani, na katika somo la ramani nilikuwa wa kwanza. Diploma hiyo iko ukutani kwangu hadi leo, na mgeni anayeingia bila kuitazama namwelekeza.

Huko ndiko nilikojua atlasi ni nini. Ramani ni karatasi moja ya mahali pamoja. Atlasi ni ramani nyingi zilizowekwa nyumba moja: zimepunguzwa au kukuzwa hadi zikaingia katika karatasi za kimo kimoja, zimepangwa ili ukitoka ukurasa huu uingie ukurasa wa jirani bila kupotea, na mwishoni pana orodha ya majina inayokuambia kila mji uko ukurasa gani na mraba gani. Mwalimu wetu, Mganda mfupi aliyefuta ubao kwa kiwiko, alitusimulia kilikotoka kitu hicho. Zamani sana huko Iskanderia, katika Afrika hii hii, mtu mmoja aliandika orodha ya miji yote aliyoweza kuisikia, kila mji na namba zake, ili hata asiyewahi kufika aweze kuichora. Karne nyingi baadaye, Mwarabu mmoja aliyemtumikia mfalme wa kisiwa cha Sisilia alikaa miaka akiwahoji wasafiri na wachuuzi, kisha akaichora dunia kwa vipande, kusini ikiwa juu na kaskazini chini. Niliandika jambo hilo daftarini nikalipigia mstari. Nilipata alama zake katika mtihani. Halafu nililisahau, na nitasema lilinigharimu nini.

Baada ya hapo ikaja zamu ya mji mmoja wa bandari huko Flandria, ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Mfanyabiashara mmoja wa pale alikuwa amechoka kukunjua ramani kubwa zinazojikunja zenyewe kama mkeka, kila moja na ukubwa wake. Akaomba akusanyiwe ndogo zinazolingana, zishonwe pamoja. Mchoraji wa mji huohuo aliifanya kazi ile, na baadaye akapiga chapa kitabu kizima cha ramani kwa ajili ya yeyote mwenye kukihitaji. Ramani nyingi hazikuwa zake. Alizichukua kwa wengine akazichora upya. Na ndani ya kitabu aliweka orodha ya watu wote ambao kazi zao alizitumia. Neno atlasi lilikuja baadaye kidogo, kwa mzaliwa mwingine wa Flandria, aliyekipa kitabu chake jina la mfalme wa kale wa kaskazini mwa Afrika. Hadithi zinasema mfalme huyo alikuwa bingwa wa nyota na ndiye aliyetengeneza tufe la kwanza la mbingu.

Siku hiyo sikula. Kitabu kina jina la mfalme wa Afrika. Kimezaliwa katika nchi ambayo baadaye iliwatuma watu wake kututawala. Watu hao walipanda vilima vyetu wakiongozwa na babu zetu, wakiuliza mto huu unaitwaje, kilima kile ni cha nani, njia hii inatokea wapi. Babu zetu walijibu, tena mizigo ya wageni ikiwa kichwani mwao. Ramani zikachorwa. Nimezitafuta hizo ramani katika maktaba ya Kampala na nimezisoma hadi pembezoni, na sijaona jina hata moja la aliyewaonyesha njia. Mzee wa Flandria aliwaandika waliomwazima. Hawa wa baadaye hawakuona sababu.

Nilirudi Butembo wakati wa vita ya pili ya Kongo, nchi ikiwa imekatwa vipande. Kinshasa ilikuwa mahali pa redioni tu. Mji ulikuwa wa waasi, na nyuma ya waasi walikuwapo wanajeshi wa nchi jirani, na kila mkubwa aliyekuwa na bunduki alikuwa pia na ramani. Hilo liliniuma kuliko yote. Nilimwona kwa macho yangu kamanda mmoja aliyetandaza karatasi nzuri ya rangi juu ya bati la gari lake, akaigawa nchi yetu kwa kalamu ya wino, huku shule iliyokuwa nyuma yake haina hata ile atlasi ya kabatini. Kabati lenyewe lilikuwa limechomwa kuni.

Nilimwambia baba mdogo nitakachofanya. Alikuwa akihesabu bawaba za milango.

"Diploma yako inasema nini?" aliuliza.

"Upimaji na ramani, Baba."

"Na vyombo vya kupimia viko wapi?"

Sikuwa navyo. Hata kama ningekuwa navyo, mtu aliyesimamisha chombo cha kupimia kando ya barabara wakati ule angepigwa risasi kabla hajaweka jicho.

"Donc," alisema, "hauna chombo, hauna gari, hauna karatasi. Uko na mudomo. Kaa hapa uniuzie misumari."

Wateja walicheka. Nilitoka dukani nikiwa na mpango kamili, na mpango huo nilikuwa nimeuchukua Flandria: kama sina ramani, nitaazima.

Asiyeijua nchi yetu anaweza kudhani hapakuwa na ramani za kuazima. Zilikuwapo. Vita ilikuwa imewafanya wachuuzi na wasafirishaji wote kuwa wachoraji. Barabara ilipofungwa, mtu alitafuta njia ya pembeni, na aliyeipata aliichora ili ndugu yake apite juma lijalo. Walichora nyuma ya kalenda, juu ya mifuko ya saruji, nyuma ya hati za mizigo. Karatasi hizo zilifichwa kama dhahabu, na kumwomba mtu akupe yake ilikuwa kama kumwomba ufunguo wa nyumba.

Watu saba walinipa. Nitawaeleza watatu, kwa kuwa kisa hiki kinawahusu zaidi.

Wa kwanza alikuwa katekista wa Vuhovi, mzee mwembamba aliyekuwa ameandika makanisa yake madogo yote na njia za miguu kati yake nyuma ya kalenda ya parokia. Wa pili alikuwa mama mmoja wa Kalunguta aliyeuza maharage. Hakujua kusoma, na ramani yake, juu ya kipande cha mfuko wa saruji, haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa na alama tu: duara, msalaba, majani, mistari mitatu. Wa tatu alikuwa Hadji, msafirishaji wa Beni, mtu mkubwa wa msikiti, mwenye malori mawili ambayo zamani yalikuwa matatu.

La tatu lilipotea pamoja na mwanawe wa kwanza. Kijana huyo alikuwa dereva, na kila safari alichora barabara nyuma ya hati ya mizigo: madaraja, matope, vizuizi. Safari ya mwisho alipeleka mafuta ya mawese upande wa Eringeti na kuendelea mbele. Lori halikurudi, wala yeye. Karatasi ya safari iliyotangulia ilibaki nyumbani, mstari wa wino wa buluu kutoka Beni hadi Eringeti na kupita kidogo, ukaishia hapo.

Hadji aliniwekea karatasi hiyo gotini, lakini mkono wake ulibaki juu yake.

"Unajua hii ni nini?"

"Ninajua, Hadji."

"Hapana. Unajua barabara. Mimi njo nakuuliza unajua hii ni nini."

Nikautazama mkono wake juu ya wino wa buluu.

"Basi beba," alisema. "Mais irudie. Ikipotea, hapana kuja kuniambia imepotea. Usikuje kabisa."

Kwetu, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Mama yangu alipoazima kikapu, kilirudi kwa mwenyewe na viazi viwili ndani, hata mwaka wa njaa. Kwa hiyo niliwaahidi wote saba kitu kimoja: karatasi yako itarudi mkononi mwako, na pamoja nayo itakuja atlasi nzima, na katika atlasi hiyo jina lako litakuwa limeandikwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa rehani yangu. Nikishindwa, nitakuwa nimewafanyia watu wangu hasa kile nilichokuwa nikiwalaani Wabelgiji kwa ajili yake. Nitakuwa mtu mwingine aliyeuliza njia, akaenda zake.

Nilifanya kazi miezi minne katika chumba cha nyuma cha parokia. Nilikata kila kitu kwa kipimo kimoja, nikaunganisha pembe kwa pembe, kaskazini juu, kama tulivyofundishwa. Ilipendeza. Nilijisifu, na sioni aibu kusema hivyo. Niliwaalika wote saba waje Butembo waione kabla sijachapa.

Walisimama mbele ya ukuta nilikoibandika. Kisha mama wa maharage akauliza kwa upole:

"Mwana wangu, Butembo iko wapi?"

Nilimwonyesha. Ilikuwa chini. Beni ilikuwa juu yake.

"Umeweka Beni juu ya Butembo?"

"Beni iko kaskazini, Mama. Kaskazini inakaa juu."

"Mimi napandaka na maharage mugongoni, natoka Kalunguta nakuja Butembo. Napanda. Magoti inajua. Sasa weye unasema nashuka?"

Hadji alitikisa kichwa. "Malori yangu inakunywa mafuta kwa kupanda kuja huku. Kama ni kushuka, mbona umenificha siku zote, nizime moto ya lori niteremuke bure?"

Walicheka sana. Katekista hakucheka. Alikuwa amekaribia ukuta, akitafuta makanisa yake kwa kidole. "Vuhovi iko upande jua linatoka," alisema. "Hapa umeipeleka wapi? Mukristu wangu akifuata hii, atatafuta misa na kukuta hata mukeka hauko."

Nilikasirika. Nilitamka maneno ambayo sasa siyapendi, kwamba mimi nina diploma na wao hawana. Niliwaeleza kwamba dunia nzima imekubaliana kuhusu kaskazini. Mama alisema tu, "Diploma yako ingekuja kunisaidia kubeba," nao wakaenda kunywa chai.

Kesho yake nilichukua kalenda ya katekista nikatembea kwa miguu hadi Vuhovi, nikiwa nimedhamiria kumwonyesha kosa lake. Kosa lilikuwa langu. Juu ya karatasi yake alikuwa ameweka Butembo, kwa kuwa kutoka Vuhovi kwenda Butembo unapanda. Kwa hiyo juu yake ilikuwa magharibi. Juu ya karatasi ya Hadji ilikuwa kusini, maana kutoka Eringeti kuja Beni, na kutoka Beni kuja Butembo, unapanda kuelekea kusini. Kila mmoja wa wale saba alikuwa ameweka juu ya karatasi mahali ambapo miguu inapandia, na mimi, mtoto wa vilima hivyohivyo, niliyepanda na kushuka na dumu la maji kichwani tangu nina miaka sita, nilikuwa nimezishika karatasi zote kana kwamba zimechorwa ofisini Kampala. Ya Hadji niliitambua kwamba imegeuzwa, nikaisahihisha nikidhani alikosea. Ya katekista sikuitambua hata kidogo. Niliibandika ilivyo, na Vuhovi ikaangukia kusini mwa mji.

Na Mwarabu wa Sisilia je? Nilikuwa nimempigia mstari daftarini. Aliweka kusini juu na watu wakasafiri kwa ramani zake. Nilikaa juu ya jiwe njiani, nikajitukana kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, ambayo ina matusi ya kutosha.

Nilibomoa kazi yote. Safari hii niliamua kwenda na kila karatasi hadi kwa mwenyewe, niisome akiwa karibu, kabla ya kukata chochote. Ndivyo nilivyojikuta kwenye kizuizi cha waasi karibu na Kalunguta, karatasi zote saba zikiwa begani ndani ya mfuko.

Askari aliumwaga mfuko juu ya nyasi. "Oyo ni nini?"

"Ramani za shule."

"Shule gani iko na ramani ya barabara ya Eringeti?"

Walinipeleka kwa mkubwa wao, kijana kuliko mimi, aliyekaa chini ya turubai. Niliona nitamaliza mambo kwa hadhi yangu. Nikamtolea diploma.

Aliisoma taratibu. "Ya Uganda," alisema. "Ramani. Na mihuri iko." Alimgeukia mwenzake. "Donc huyu ni mupelelezi mwenye alisomea kabisa."

Hiyo ndiyo mara pekee diploma yangu ilipoongeza matatizo. Alichukua karatasi zote akaniambia nirudi kesho kutwa, kama nitakuwa na sababu ya kutaka kurudi. Iliyomshughulisha zaidi ilikuwa karatasi ya mama wa maharage. Ramani isiyo na maneno ilimtia wasiwasi. Aliigeuza kila upande. Misalaba ile ni mabunduki? Maduara ni mashimo ya silaha? Nilipomwambia sina uhakika, na kweli sikuwa na uhakika, alitabasamu kama mtu aliyeshinda.

Nilimfuata mama mwenyewe nyumbani kwake, nikiwa nimekufa kwa aibu, nikamweleza. Nilitegemea anifukuze. Alifunga kitambaa kichwani, akawaita majirani wawili wanaobeba maharage pamoja naye, akatangulia.

"Mwanangu," alimwambia yule mkubwa, "nasikia uko na karatasi yangu."

"Ni ya kwako, Mama? Basi niambie. Hii misalaba?"

"Pale tunapumuzika. Musalaba ni fimbo, unasimamisha na muzigo unaegemea."

"Hii duara?"

"Maji. Kubwa ni mazuri, kidogo inaumisha tumbo. Ukinywa ya kidogo utajua mwenyewe."

"Na majani?"

"Pale binti yangu alizalia njiani, tukamulaza juu ya majani. Mutoto sasa anatembea. Unataka nimulete umuhoji?"

Askari mmoja alianza kucheka na mkubwa akamtazama hadi akaacha. Alibaki na swali moja, na aliliuliza kwa ukali ili lisionekane kuwa la mwisho: "Mistari tatu hii, karibu na barabara?"

"Ni nyinyi," mama alisema. "Pale munatuombaka maharage. Kila mustari ni kopo moja."

Karatasi zilirudi mfukoni zote saba. Ya Hadji ilikuwa na alama ya kidole chenye mafuta pembeni, na alama hiyo bado inanichoma ninapoikumbuka. Hakuna aliyeniomba radhi. Mtu anakunyang'anya nchi yako, anakunyang'anya na karatasi ulizoichorea nchi hiyo, na akizirudisha anataka aonekane mkarimu.

Atlasi ilichapwa kwa mashine ya stensili ya parokia, ile ya kuzungusha kwa mkono inayotoa wino wa zambarau. Nilikata stensili mwenyewe, moja moja, kwa sindano na kalamu kavu. Kurasa kumi na mbili. Kila ukurasa una alama mbili pembeni: mshale mdogo unaoonyesha kaskazini, na kilima kidogo kinachoonyesha upande wa kupanda. Kila ukurasa umewekwa jinsi mwenyewe alivyouweka, mlima juu. Mwanzoni mwa kitabu kuna ukurasa mmoja wa nchi nzima, kaskazini juu, kwa ajili ya wenye diploma. Mwishoni iko orodha ya mahali, na baada yake orodha ya majina saba, chini ya maneno haya: Hawa ndio waliotuonyesha njia. Watoto walielewa mambo ya mshale na kilima kwa somo moja. Mkaguzi wa shule alihitaji masomo mawili.

Baba mdogo alibandika ukurasa wa Butembo dukani, juu ya misumari. Nilimsikia akimwambia mteja wa Kalunguta, "Hii tulitengeneza hapa nyumbani." Tulitengeneza. Nilimwacha.

Kisha nikaanza kurudisha. Nilizunguka kwa miguu na kwa malori, karatasi ya mtu ndani ya atlasi yake. Katekista alitafuta makanisa yake yote, akayapata, akaniambia moja limeungua wiki iliyopita, akalizungushia penseli. Mama wa maharage alitaka nimsomee jina lake, nikamsomea, akataka tena, kisha akaliwekea kidole ili alijue litakapokuwa peke yake.

Hadji nilimwacha wa mwisho. Nilimkuta Beni, nje ya gereji yake, ametoka kuswali adhuhuri. Nilimpa karatasi kwanza. Aliiona alama ya kidole pembeni, akanitazama, nikamweleza habari za kizuizi bila kupunguza kitu. Kisha nikampa atlasi, nikaifungua ukurasa wa barabara ya Eringeti.

Nilikuwa nimeinakili mistari ya mwanawe kama ilivyo, hata pale mkono ulipotikisika kwa sababu ya lori. Mbele ya hapo nilikuwa na maelezo ya madereva wengine, nikayachora kwa vitone tu. Hadji alianza Beni, akafuata mstari kwa kidole, daraja kwa daraja, akiyataja kimoyomoyo. Kidole kilifika mwisho wa mstari kikasimama. Hakikuingia katika vitone.

"Hapa njo alifika," alisema.

"Ndiyo, Hadji."

"Na batoto ba shule banaipita hii?"

"Kila wiki. Mwalimu anawauliza madaraja."

Alifunga kitabu, akaikunja karatasi mara mbili akaitia mfuko wa ndani wa kanzu. Kisha alimwita fundi wake alete dumu la mawese la kunipa.

"Hapana, Hadji," nilisema. "Ukinipa hiyo nitakuwa na deni tena."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza nimwone akicheka tangu ile siku ya ukutani. "Basi wende," alisema. "Hauna kitu yangu tena."

Nilitembea hadi yanapopakia malori ya Butembo. Mfuko ulikuwa mtupu begani, umekunjamana, na dereva aliuliza kama sina mzigo. Nikamwambia sina. Nilikaa juu, tukaanza kupanda.